Shughuli za wanawake vyuoni tuzipime tarehe 9 Machi

Mwaka jana, asubuhi ya tarehe 9 Machi, niliwahi kazini kabla ya saa moja. Nje ya ukumbi mkubwa mama wawili wa usafi walikuwa wakipandanisha viti vya plastiki vilivyotumika jana yake. Bango la Siku ya Wanawake lilikuwa limeshashushwa, limekunjwa mara nne na kuegemezwa ukutani. Nikawaamkia. Mmoja akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mwalimu, hili bango mnalihitaji tena? Mvua ikinyesha kuku wangu wanaloa." Nikamwambia achukue tu. Kisha nikamuuliza kama jana alikuwepo kwenye sherehe.

"Nilikuwepo mwanangu. Nilikuwa nafagia huku nyuma."

Nimehudhuria shughuli za aina hii kwa miaka mingi, nikiwa mwanafunzi, baadaye mtoa mada, siku hizi mjumbe wa kamati ya maandalizi. Nazipenda. Nimeona binti wa mwaka wa kwanza aliyetoka kijijini akimsikiliza mhandisi mwanamke kwa mara ya kwanza maishani, na nimeona alivyokaa wima kwenye kiti. Jambo hilo lina thamani na simruhusu mtu alidharau. Lakini swali la tarehe 9 halijaniacha: viti vikishapandanishwa na vitenge vya sare vikishafuliwa, chuo kimebaki na nini ambacho tarehe 7 hakikuwa nacho?

Anayetaka kuelewa kwa nini shughuli hizi zipo kabisa aanzie Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990. Wakati ule kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch, maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku bila jina la mwandishi. Zamani yalisifika kwa kuwakosoa wakubwa. Kadiri miaka ilivyokwenda yakageuka rungu la kuwapigia wasichana. Binti aliyemkataa mwanamume fulani, au aliyeonekana anajiamini kupita walivyotaka wao, aliandikwa na kuchorwa kwa matusi. Wenzake nao wakaogopa kuongozana naye wasije wakaandikwa. Wanafunzi walikuwa na neno lake: kupanchiwa. Mwezi Februari mwaka huo Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa.

Waandishi wa habari wanawake waliokuwa wameanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987 walilichukua jambo hili na hawakuliachia. Waliliandika, wakalisema redioni, wakaitisha mikutano, wakaungana na wanasheria wanawake na watu wengine wengi. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la SOSPA, na unyanyasaji wa kijinsia ukapata kifungu chake mbele ya hakimu. Hesabu miaka: kutoka 1990 hadi 1998 ni minane. Katika miaka hiyo minane kulikuwa na makongamano, maandamano na hotuba, kama ilivyo leo. Tofauti ninayoiona ni kwamba kila mkutano wa wakati ule ulikuwa na dai, na dai lilikuwa na anuani. Watu walitoka ukumbini wakijua barua inakwenda wapi.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi, na kwangu una somo kubwa kwa sababu hauna kelele yoyote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka sharti kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Ukilisoma kwenye karatasi halimbagui mtu. Lakini binti wa miaka ile akishaanza kazi, ndoa na watoto havikumsubiri arudi darasani, na idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia Mlimani ikaporomoka. Baada ya muda mfupi wanawake wakaondolewa sharti hilo, wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Lilihitaji mtu wa kukaa na kuhesabu ili ionekane kwamba kanuni moja inaweza kumfungulia kaka mlango na kumfungia dada yake. Wasomi wanawake wa Mlimani waliokuja kuunda vikundi vya utafiti na uhifadhi wa nyaraka za wanawake walijenga desturi hiyo ya kuhesabu kwanza. Naomba desturi hiyo irudi kwenye shughuli zetu, maana siku hizi unaweza kukaa kongamano la saa sita usisikie hata namba moja inayohusu chuo ulichokalia.

Ziko shughuli zilizoacha alama ya kudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 upande wa sayansi pale Mlimani ulianza mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingia lakini hawakuzifikia. Waliitwa chuoni wiki kadhaa kabla ya masomo, wakafundishwa hisabati na sayansi, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakaingia. Miaka ya 2000 mwanzoni ukaja ufadhili wa masomo kwa wasichana wa shahada ya kwanza kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Wapo wanaosema huo ni upendeleo. Mimi nawajibu kwamba binti aliyesoma shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia alishapewa adhabu miaka minne kabla, na wiki hizo chache zilikuwa za kumrudishia sehemu ndogo ya alichonyimwa. Mtihani wa mwisho wa mwaka haukumpunguzia swali hata moja. Alikuwa anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli, kama wenzake au anapanda kama wenzake.

Halafu kuna Tuseme. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona ubunifu wa shughuli uliofikiriwa vizuri kuliko huu. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, maprofesa wa sanaa za maonyesho Mlimani, walianza kwenda shule za sekondari na kuwaweka wasichana pamoja. Wasichana wenyewe ndio walichunguza kinachowakwamisha: mwalimu anayewataka, wazazi wanaowaona kama wapita njia, kazi za nyumbani zinazowala muda wa kusoma. Kisha wakatunga igizo. Siku ya maonyesho, watazamaji walikuwa ni walimu wale wale, wakuu wa shule na wazazi. Igizo likiisha hakuna anayeondoka, mjadala unaanza papo hapo na wakubwa wanatakiwa kujibu. Kilichokubaliwa kinaandikwa, na klabu ya wasichana inabaki shuleni kukifuatilia. Kupitia FAWE, shirika la Afrika linalotetea elimu ya wasichana, mpango huo ulivuka mipaka ukaenda nchi nyingine nyingi za Afrika.

Tazama ulivyosukwa. Anayeumia ndiye mtoa mada. Mwenye uwezo wa kubadili mambo amekaa mstari wa mbele na hana pa kukimbilia. Na kuna watu wa kuuliza wiki ijayo. Sasa linganisha na ratiba tunazozizoea: kuwasili kwa mgeni rasmi, utambulisho, itifaki, ngonjera, risala, hotuba, picha ya pamoja, chakula. Binti mwenye jambo zito moyoni ataingilia wapi hapo? Baada ya ngonjera? Risala yenyewe imeshapitiwa na ofisi tatu kabla haijamfikia msomaji. Nimewahi kuwa mmoja wa waliopitia risala kama hiyo. Tulikata aya iliyohusu wahadhiri wanaokalia matokeo ya wasichana, kwa maelezo kwamba siku ya sherehe haifai kuharibiwa. Nilikubali wakati ule. Nilikosea, na aya ile ndiyo iliyopaswa kusomwa kwanza.

Tuje mwaka 2018. Tarehe 27 Novemba Rais Magufuli alifika Mlimani kuzindua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Siku hiyo hiyo mhadhiri mmoja wa sanaa, fani ile ile iliyozaa Tuseme, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono chuoni hapo imekithiri. Nchi nzima ikazungumza. Sasa angalia tarehe. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza 25 Novemba, siku waliyouawa dada wa familia ya Mirabal huko Jamhuri ya Dominika mwaka 1960, na huisha 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Kwa maana hiyo, maneno yale yaliandikwa siku ya tatu ya kampeni, kipindi ambacho vyuo huwa vinaandaa midahalo juu ya jambo hilo hilo. Mtu mwenye taarifa nzito kiasi hicho aliona simu yake ndiyo jukwaa. Kwangu mimi hiyo ni hukumu kwa majukwaa yetu yote, si ya chuo kimoja. Tumeyajenga yakawa mahali pa kusema mambo ambayo hayamgusi aliyekaa meza kuu.

Baadaye TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, walifanya utafiti juu ya rushwa ya ngono katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na kufanya hivyo kulisaidia mjadala utoke kwenye "inasemekana". Sheria nayo ilikuwepo zamani: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja kosa hili. Kinachokosekana kati ya kifungu na binti ni njia ya kupita.

Njia hiyo leo inaitwa dawati la jinsia, ofisi ya kupokea malalamiko ya unyanyasaji. Serikali imevielekeza vyuo viwe nalo, na vingi vimeshalizindua. Uzinduzi huwa unapendeza. Chuo kimoja ninachokifahamu kwa karibu kiliweka dawati lake ghorofa ya kwanza, kwenye korido moja na ofisi za wahadhiri. Ili umfikie mama wa dawati unapita milango kumi na miwili, na pengine mmoja wapo ni wa mtu unayekwenda kumsema. Mbele yake kuna benchi la kusubiria, wazi, kila apitaye anakuona. Linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, ilhali vipindi vinakwenda hadi saa mbili usiku. Siku moja nikiwa kwenye korido hiyo nilimwona binti akipita na fomu mkononi. Alikwenda hadi mwisho akarudi. Akapita tena, akasimama mbele ya ubao wa matangazo akisoma ratiba ya muhula uliokwisha. Mara ya tatu akashuka ngazi. Nilimfuata hadi kwenye vimbweta nje, nikakaa pembeni bila kumuuliza kitu. Baada ya muda akasema mwenyewe, "Madamu, nilitaka kuuliza tu, sup yangu haijasahihishwa." Sup ni mtihani wa marudio. Hakusema zaidi ya hapo, na sikumlazimisha. Nilimpa namba yangu. Hajanipigia hadi leo, na bado namfikiria.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba dawati fulani halijapokea malalamiko mengi, na kwamba hiyo ni dalili njema, naomba niambiwe kwanza benchi limekaa wapi.

Kitu kingine ninachokiamini ni kujirudia. TGNP, mtandao wa jinsia ulioanzishwa mwaka 1993, una semina zake za jinsia na maendeleo pale Mabibo, jirani kabisa na vyuo, na zinafanyika Jumatano. Anayetaka anaingia. Mwanafunzi anaketi na mama wa sokoni, mada inawekwa mezani, watu wanabishana, wiki ijayo wanarudi. Hakuna utepe wa kukata. Nguvu yake ni kwamba mtu asiyekuwa tayari kusema Jumatano hii anaweza kusema Jumatano ya tano. Shughuli ya mara moja kwa mwaka inamtaka binti awe jasiri tarehe hiyo hiyo iliyopangwa na kamati, jambo ambalo watu wazima wengi tusingeliweza. Kama bajeti ya chuo ni ndogo, mimi ningechukua fedha ya fulana na chakula cha sherehe moja nikalipia sambusa na chai ya Jumatano za muhula mzima, kwenye chumba kimoja, saa moja jioni, wakati watu wa bweni wameshatoka darasani.

Na kina nani wanakaribishwa? Yule mama wa usafi ni mwanajumuiya wa chuo. Anaingia saa kumi na moja alfajiri, akipita njia ambazo taa zake zimekufa, na anaijua hatari kuliko sisi tunaotoa mada za usalama wa wanawake. Ameajiriwa na kampuni ya mkataba, hivyo jina lake halimo kwenye orodha yoyote ya watumishi, na mialiko hutumwa kwa orodha. Mama lishe wa karibu na bweni naye ni hivyo hivyo. Nairobi miaka ya 1970, Wangari Maathai na Vertistine Mbaya walipambana na chuo kikuu chao kwa sababu wahadhiri wanawake walioolewa walinyimwa posho na mafao ambayo wanaume walipata, eti waume zao watawatunza. Lilikuwa suala la nyumba na mshahara, la kwenye hati ya malipo. Sijui kwa nini tumekuja kuona mambo ya hati ya malipo hayana hadhi ya kuwekwa kwenye kongamano la wanawake.

Wanaume pia. Mara nyingi wanakuja wachache, wanakaa nyuma, na tunawashukuru kwa kuja. Siwataki kama wageni. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi wake wawe wanaume. Wanawake wa kwanza walipoingia mwaka 1945 ikabidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kaulimbiu ya ukutani ilibadilika mara moja. Anayehitaji kubadilika zaidi ni kijana anayekaa bwenini na kucheka picha ya mwenzake iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, maana kundi hilo ndilo ukuta wa Mzee Punch wa leo. Huyo hatakuja ukumbini kwa hiari. Inabidi mazungumzo yamfuate bwenini kwake, na yaongozwe na kijana mwenzake anayemheshimu.

Kuna kundi jingine ambalo makongamano yetu hayalitaji kabisa: watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike au wa kiume. Kiswahili kina neno lao la siku nyingi, huntha. Kenya ilipofanya sensa mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo na kuwapa ulinzi. Idadi halisi huenda ni kubwa zaidi, kwani wengi wanafichwa tangu utotoni. Baadhi yao wanafaulu mitihani na kuja chuoni kama watoto wengine wote. Fomu ya kwanza wanayopewa ina viboksi viwili, Me na Ke, na kiboksi utakachoweka alama ndicho kinachoamua utalala bweni gani na utaoga bafu gani na nani. Chumba kimoja chenye bafu lake, na ofisa mmoja anayejua kutunza siri, vingetosha kumwokoa mtu na miaka mitatu ya hofu. Sioni gharama kubwa hapo. Mwaka huu nimeomba jambo hili liingizwe kwenye mada, na nimeshaambiwa na wenzangu wawili kwamba watu hawatalielewa. Nadhani wakielezwa kwa heshima wataelewa. Mzazi yeyote anaweza kumpata mtoto huyo.

Kwenye kikao cha kwanza cha maandalizi nilipeleka maombi manne. La kwanza, dawati la jinsia lihamishiwe jengo la zahanati, ambako mtu akionekana anaingia hakuna atakayejua anakwenda kutibiwa malaria au kusema jambo, na lifunguliwe hadi saa mbili usiku angalau siku mbili kwa wiki. La pili, wafanyakazi wa usafi wapewe mwaliko wa maandishi na ruhusa yenye malipo kwa saa za shughuli. La tatu ni hilo la huntha. La nne, kabla mgeni rasmi hajasimama, mkuu wa dawati asome namba: malalamiko mangapi yamepokelewa mwaka uliopita, mangapi yamefika mwisho, mangapi bado yamekaa mezani na kwa siku ngapi. Bila majina ya mtu.

La pili limepita bila ubishi. La kwanza limepelekwa kwa mhandisi wa majengo. La tatu limeahirishwa. La nne lilichukua karibu saa nzima, na mwenyekiti akasema itabidi aulize juu kama namba hizo zinaruhusiwa kusomwa hadharani. Nimeomba jibu lije kwa maandishi. Kikao kinachofuata ni Jumatano.